Ukienda Kununua Multimetre ya Mezani, Beba Ampuli

Vijana ya atelye, ninyi wa karakana, kila munaponikuta munaniuliza neno moja: "Papa Ansele, ninunue multimetre gani?" Na mutu anauliza akishika simu mukononi, picha imekwisha kufunguliwa, roho imekwisha kupenda. Hiyo haiko kuuliza. Hiyo ni kuonyesha wazazi muchumba wakati mbuzi ya mahari imekwisha kuchinjwa. Lakini sawa, nitajibu. Nilitengeneza radio, televizyo na vitu yote yenye kuwa na waya hapa Bunia tangu ningali na meno yote, na sasa macho imekataa kusoma rangi za resistansi, vile vidude vyenye kupunguza umeme, njo nimepumzika. Masomo yangu iliishia primere ya ine, darasa la ine tu. Kama munatafuta hesabu, muende kwa wale waliosoma. Mimi niko na makosa. Niko nayo mingi, na nililipa kila moja.

Multimetre, kwa yule aliyeingia mu kazi jana, ni kipimo ya fundi wa umeme: inapima volti, inapima resistansi, inalia mbii kama waya haikukatika. Ile ya mukononi unaitia mufukoni, unaenda nayo kwa watu. Ile ya mezani iko kubwa kama radio ya zamani, inakaa pahali moja, haianguki, na namba zake unaziona ata kama miwani imebaki nyumbani. Ukiwa na kazi kila siku, ya mezani njo ya kununua, sababu mikono yote mbili inabaki huru.

Aah, mikono mbili. Hapo Papa Leonardi angenipiga kofi.

Papa Leonardi njo alinifundisha kazi. Alikuwaka anatengeneza radio za misioni, mutu mufupi, mukali, anavaa kravate ya shingo ata akiwa amelala chini ya meza anatafuta visi, ile skrubu iliyoanguka. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: ukigusa kitu yenye kuwa na kuran, ndiyo umeme, mukono moja ikae mu mufuko ya suruali. Kuran ikitaka kupita ndani yako, ikose mulango ya kutokea. Alinishonesha mufuko kubwa upande wa kushoto juu ya hiyo tu. Watu walifikiri niko na majivuno. Siku ya arusi yangu, mbele ya pasteri, muke wangu akaninong'onezea: "Toa mukono mu mufuko. Ulikuja kuoa ao kutengeneza?"

Kosa yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya tundu. Kila multimetre iko na tundu ya kupimia volti na tundu ingine ya kupimia ampere, na hiyo ya ampere inaachia umeme yote ipite. Asubuhi moja nilipima ampere, nikaacha waya nyekundu palepale. Saa sita mutu akaleta televizyo, nikachukua zile ncha, nikaingiza mu prizi, ile tundu ya ukuta yenye kupata umeme ya grupu, jenereta yetu. Paa! Ndevu ya siku tatu ikaisha bila wembe. Papa Leonardi aliangalia ule moshi, akauliza neno moja: "Fizible ilikuwa ndani?" Fizible ni ile kawaya yenye kukubali kufa kwanza ili mashini ipone. Nikasema, papa, ilikufa mwezi uliopita, nikaweka karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara. Akanyamaza siku mbili. Mutu mwenye kunyamaza siku mbili anafundisha kuliko mwenye kupiga.

Kwa hiyo ukienda kununua, omba wafungue kifuniko, uone fizible kwa macho yako. Mwenye duka akikataa, salimia familia yake na utoke.

Uliza tena mashini inakula nini. Multimetre zingine za mezani zinakula kuran ya prizi tu, na hapa kwetu kuran inakuja kama mujomba: haitumi habari, na ukizoea kumuona, anaenda. Grupu ikilala, na mashini yako inalala. Utafute ile yenye kukubali na mawe ya radio, ao batri. Ukiisha kuiwasha, ipe robo saa mbele ya kuamini namba zake, sababu ikiwa baridi inasema ovyo. Ata mimi, asubuhi usiniulize kitu mbele ya chai.

Sasa nifike kwa Esperansi, maana bila yeye ningewafundisha ninyi uongo mpaka kaburini.

Esperansi alikimbia na wazazi wake kutoka Kpandroma, kule juu kwenye baridi, wakati ya vita, mambo ilipoharibika. Alifika kwangu kutafuta kazi ya kufagia, na wiki ya pili nikamukuta anatoa kondensateri iliyoungua ndani ya radio kwa mikono safi kuliko yangu. Nikamuachisha fagio. Leo iko na atelye yake mu kartye Lumumba, mutaa moja ya hapa, na mimi ninaendaka kule kukaa kwenye kiti na kumubishia. Mama Kavira, mukubwa wa materinite moja, nyumba ya kuzalia, ya pale karibu, alimupa mashini zao zote azichunge.

Kati ya zile mashini, moja njo ya roho: ile ya kuvuta hewa na kutoa oksijeni kwa watoto. Iko moja tu. Inakula kuran ya konvertisere, ile sanduku yenye kuchukua moto ya batri za jua na kuigeuza ikuwe kama ya prizi. Siku moja ya Jumanne taa yake nyekundu ikawaka, ikaanza kulia bila kunyamaza. Mu chumba kulikuwa mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati wake, siku mbili tu, mudogo kama mukate. Wakamuhamisha kwenye chupa ya chuma ya oksijeni. Mama Kavira akasema oksijeni ya ile chupa itafika tu mpaka kesho saa sita ya muchana, na hakuna ingine.

Nilienda na Esperansi. Nilibeba multimetre yangu ya mushale, ile niliyoishi nayo kuliko nilivyoishi na muke wangu. Nikapima konvertisere. Mushale ukasimama kwa 180.

"Nimeona," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mutu mwenye kuona. "Mashini inalia njaa. Inapaswa kupata 220, inapata 180. Ndani ya konvertisere kuna visi kadogo ya kupandisha. Munipe turnevis niizungushe."

"Papa, usiguse kwanza," Esperansi akasema.

"Weye njo unanifundisha mimi?"

"Hapana, papa. Ninakuomba tu. Kesho asubuhi ninaenda kwa Paluku kununua multimetre yangu ya mezani. Tupime na hiyo, halafu tuzungushe."

"Multimetre ya nini? Yangu imekufa?"

"Haikukufa, papa. Imezeeka."

Mama Kavira alitusikiliza, mikono kiunoni. "Mukiisha kugombana, munionyeshe mumoja mwenye kusema kweli," akasema. "Mukubwa ao mudogo, sijali. Mimi niko na chupa moja."

Nikarudisha turnevis. Lakini mu roho nilijua niko na haki. Usiku ule nililala vizuri kabisa, na hiyo mpaka leo inaniogopesha.

Asubuhi tukaenda kwa Paluku. Paluku alitoka Butembo na duka yake kwenye mugongo ya lori, na anauza vitu yote ya fundi, kutoka sindano ya kushona mpaka pano za jua, vile vioo vya kuvuta umeme ya jua. Mutu wa maneno mingi. Kwenye meza alikuwa na multimetre mbili za mezani. Moja ilikuwa mupya, inang'aa, mabutoni mingi kama kinanda ya kanisa, na kwenye kioo namba inaandika mpaka tarakimu sita. Ingine ilikuwa ya kijivu, ya kazi, ilikuja mu mizigo ya Kampala. Mugulu moja ilipotea na butoni moja ilibadilishwa na kifuniko ya kalamu ya bic.

"Papa Ansele," Paluku akasema, "kwa binti yako chukua hii mupya. Angalia! Inakuambia mpaka mukia ya volti."

"Mutu muongo naye anakutajia saa mpaka sekonde," nikamujibu. Munaona, mimi mwenyewe nilijua ile kanuni. Kuijua haiko kuifuata.

Esperansi alifungua kitambaa yake ya kichwa juu ya meza. Ndani kulikuwa jiwe moja mupya ya radio, resistansi moja ambayo tulijua hesabu yake, na ampuli, balbu ya taa ya zamani, ile ya kutoa joto, yenye kawaya ndani.

"Binti, ulikuja kununua ao kuuza?" Paluku akacheka.

"Mama yangu, tangu kule Kpandroma, hawezi kununua maharagwe mbele ya kuingiza mukono ndani ya kopo ya muuzaji," akasema. "Anatafuta kama chini ilipigwa ngumi ili kopo ibebe kidogo. Basi na mimi ninaingiza mukono."

Hiyo muandike mahali, vijana. Siku ya kununua mizani, enda na kilo yako. Jiwe yenye unajua, resistansi yenye unajua. Alipima jiwe: zote mbili zikakubaliana. Akapima resistansi: zikakubaliana. Akagonganisha ncha mbili asikie mbii: ile mupya ilichelewa, ya kijivu ililia palepale. Paluku akawasha grupu yake nyuma ya duka, tukapima kuran. Ile mupya 226, ya kijivu 225, mushale yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba juu ya kiburi, karibu 225. Wote ndugu. Nikaanza kuchoka. Nilisema moyoni, huyu mutoto anatupotezea wakati na chupa inaisha.

Halafu akasema: "Papa Paluku, sasa kuran ya konvertisere yako."

Akaunga. Ile mupya ikaandika 178, na tarakimu zake zote za mukia. Mushale yangu 180. Ile ya kijivu ikaandika 229.

"Haya!" nikapiga meza. "Mbili kwa moja. Ile nzee ya Kampala iko na malaria. Twende, Esperansi, tuzungushe visi."

"Papa," akasema pole, "mashahidi wawili wa nyumba moja, ni shahidi mumoja."

"Basi nani atahukumu? Mungu?"

"Ampuli."

Akaunga ile ampuli kwenye kuran ya grupu. Ikawaka nyeupe, safi. Akaihamisha kwenye konvertisere. Ikawaka nyeupe vilevile. Akaigeuza mara tatu, huku na huku. Sikuona tofauti, na Paluku hakuona, na mama moja aliyekuja kununua sumaku akasema, "Iko sawasawa, munatafuta nini?"

"Sasa," Esperansi akasema, "papa Paluku, upunguze gazi ya grupu, izunguke polepole, mpaka kipimo zote tatu zikubaliane 180."

Paluku akaenda nyuma. Grupu ikaanza kuimba sauti ya chini, ikashuka, ikashuka. Vipimo zote tatu: 180. Na ile ampuli, yenye kuungwa sasa kwenye grupu, ikawa ya manjano kama mafuta ya mawese, unaangalia kawaya ndani bila kufunga macho.

180 ya kweli ilikuwa pale mbele yetu, na haikufanana ata kidogo na 180 ya mushale yangu.

Niwaeleze kama Esperansi alivyonieleza, na kwa maneno ya primere ya ine. Kuran ya grupu inapanda na kushuka polepole, kama vilima vya Djugu. Kuran ya konvertisere ya kawaida inapanda kama ngazi ya nyumba: inaruka juu, inasimama, inaruka chini. Multimetre mingi inajua vilima tu. Ukiipa ngazi, inaihesabu kama kilima, na inakosa. Ile yenye kujua kuhesabu yote mbili, mutaona imeandikwa TRMS kwa uso. Herufi ine. Ile ya kijivu ilikuwa nazo, ndogo, zimekwanguka nusu. Ile ya kung'aa haikukuwa nazo pahali popote. Ampuli yenyewe haijui kusoma. Inapata joto tu, na joto haidanganyi. Njo mana ninasema: mu muji kama hii yetu, ambapo nusu ya nyumba inakula kuran ya konvertisere, usinunue multimetre bila zile herufi, ata wakikupa na kalenda juu.

Lakini mimi pale dukani sikuwa ninafikiri herufi. Nilikaa kwenye katoni ya pano. Nilikuwa ninafikiri Boga.

Miaka mingi nyuma waliniita Boga, kule karibu na Semliki, juu ya frigo ya chanjo ya santre moja ya afya. Nilipima konvertisere yao na mushale hii hii. 180. Nikazungusha visi mpaka 220, wakanipikia kuku, nikarudi Bunia ninaimba. Siku ya tatu frigo ikatoa harufu ya kuungua, ikakufa. Chanjo za watoto zikatupwa. Wakaniuliza sababu, na mvua kubwa ilikuwa imepiga wiki ile, kwa hiyo nikasema: ni radi. Wote wakaamini. Radi haina avoka wa kuitetea. Na kusema kweli, mimi mwenyewe niliamini, kwa sababu mushale yangu ilikuwa imeniambia 220.

"Esperansi," nikauliza, "kama 180 yangu ni 229, basi 220 yangu ni ngapi?"

Akahesabu kwa vidole juu ya vumbi ya meza. "Karibu 280, papa."

Ndiyo hivyo. Haikukuwa radi.

Tulichukua ile ya kijivu. Paluku alitaka kuongeza maneno, akaniangalia uso, akatupa na waya za akiba bila kuombwa. Tukapanda moto, ile pikipiki, wawili nyuma ya dereva, mimi nimekumbatia multimetre kama mutoto, vumbi nyekundu mpaka kwenye meno.

Mama Kavira alitungoja kwa mulango ya chumba. Mushale ya chupa ya oksijeni ilikuwa karibu na mustari ya mwisho. Esperansi akaweka ile mashini kwenye meza, akaiwasha, akangoja ile robo saa yake. Robo saa ile, vijana! Mama Kavira anatembea, mashini ya oksijeni imezimwa, mama ya mutoto ameketi kwenye kitanda. Nilitaka kumuambia Esperansi apime tu. Nikaingiza mukono mu mufuko. Akapima: 230.

Mama Kavira hakumuangalia Esperansi. Aliniangalia mimi, maana mimi njo mwenye mvi.

"Muzee, jana ulisema 180. Unasema nini leo?"

Kwa kazi yangu yote nilikuwa nimekwisha kusema mara nyingi "vitu vya siku hizi iko mubaya", "mwenyewe uliangusha", "ni radi". Ile neno ingine nilikuwa sijaizoea, na ilitoka vibaya, kama jino.

"Nilikosa, mama. Konvertisere iko muzima. Ule visi usiguswe. Kama ningeuzungusha jana, leo hamungekuwa na mashini."

"Ah," akasema. Akafikiri kidogo. "Basi iko na ugonjwa gani?"

Esperansi alikuwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya mashini. Akavuta kifuniko ya plastiki, akatoa ile sponji ambayo mashini inapumulia. Ilikuwa nyekundu, nzito, imeshikana na manyoya ya mablanketi. Unaweza kupanda maharagwe ndani.

"Nani anasafishaka hii?"

Mama wa usafi alikuwa kwa mulango na ndoo. "Waliniambia mashini ya umeme isiguswe na maji," akasema. "Ninapangusa juu tu."

"Walikuambia vizuri, mama. Lakini hii inatoka. Kila Jumamosi, sabuni na maji, na ikauke kabisa mbele ya kuirudisha. Kuja, tufanye pamoja."

Wakaifua mara tano mpaka maji ikatoka nyeupe. Wakaikamua ndani ya taulo, wakaianika kwenye jua ya saa nne, na mama wa usafi akasimama pale kuipepea na kifuniko ya ndoo. Mimi nilikaa karibu na chupa kuangalia mushale. Iligusa mustari. Hakuna mutu aliniuliza kitu, na sikutoa shauri.

Esperansi akarudisha sponji, akawasha. Taa nyekundu. Mashini ikalia. Ikalia tena. Kuna kabomba ya kioo mbele, na ndani yake kadonge kadogo kenye kupanda hewa ikitoka vizuri. Kale kadonge kalikuwa kamelala chini. Kakatetemeka, kakapanda, kakashuka, kakapanda tena mpaka kwenye mustari, na kakasimama. Taa ikawa kijani. Mama Kavira akahamisha kampira ka kupumulia ka mutoto kutoka kwenye chupa mpaka kwenye mashini kwa vidole viwili tu, akafunga chupa.

Chumba kikakuwa kimya. Tangu jana, kila walipoiwasha, ile mama ya mutoto aliisikia ikilia tu; sasa akainuka kwa haraka, akamushika Esperansi mukono.

"Dada, imenyamaza. Imekufa?"

"Hapana, mama. Inafanya kazi njo mana imenyamaza."

Akainama juu ya mutoto, akasikiliza pumzi yake. Akasikiliza tena. Halafu akavua viatu, akalala pembeni yake.